Dijkstra na Sisi Tunaosubiri Mlangoni

Wiki ya kusaini boom nilipanga foleni tangu saa mbili asubuhi. Mlango mmoja, anaingia mtu mmoja. Na watu waliingia kweli, ila si mimi: kila ulipofunguka, aliye karibu alichomekea. Saa tisa wakafunga. Rafiki yangu anayesoma kompyuta akacheka, akanisimulia habari za Edsger Dijkstra.

Huyu alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1930. Alisoma fizikia Leiden, na kuanzia 1952 akawa anatunga programu Amsterdam. Alipofunga ndoa mwaka 1957, maofisa walikataa kuiandika kazi hiyo kwenye cheti kwa sababu hawakuitambua. Ikabidi aandikwe mwanafizikia. Sisi wa ualimu, tunaoulizwa kila siku kwa nini tulichagua kozi hii, tunamwelewa.

Mwaka 1965, akiwa Eindhoven, aliandika kuhusu programu nyingi zinazogombea kitu kimoja. Zikikigusa mbili kwa pamoja, kazi inaharibika. Dawa ni kufuli: mmoja ndani, wengine wangoje. Njia yake ilihakikisha kwamba daima kuna atakayeingia. Haikuhakikisha kwamba kila anayengoja ataingia. Mwaka 1966 Donald Knuth alionyesha kuwa mmoja anaweza kupitwa milele, akatoa njia ya kuzuia hilo. Mwaka 1974 Leslie Lamport akaleta utaratibu wa duka la mikate: kila anayefika achukue namba, mwenye namba ndogo atangulie.

Dijkstra alipata Tuzo ya Turing mwaka 1972, akafundisha Texas kuanzia 1984, akafariki 2002 huko Nuenen, Uholanzi. Aliacha maandiko zaidi ya 1,300, mengi ya mkono kwa kalamu ya wino, aliyokuwa akitoa kopi na kuwagawia wenzake.

Mimi nimebaki na lile pengo la 1965. Siku ile ofisi ingesema foleni inatembea, isingekuwa imedanganya. Lakini foleni kutembea si sawa na mimi kufika.

Halafu nikakumbuka BTP. Nilikuwa nauliza swali, mikono ya mbele inanyanyuka, namchagua mmoja, somo linasonga. Kuna binti wa dawati la nyuma alinyoosha mkono wiki nzima. Sikumfikia. Niliandika kwenye ripoti kwamba darasa lilishiriki vizuri.

Mwakani nikirudi darasani, naingia na namba.