Kadhi Aliyeshika Kalamu: Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Ndugu Waislamu, leo mtu wa Nakuru, au wa Naivasha, Gilgil na Njoro, akifiwa na mzazi wake anaweza kupeleka shauri la mirathi mbele ya Kadhi bila ya kuteremka Mombasa. Neema hii tumeizoea hata hatuulizi imetokea wapi. Katika zama za ukoloni mahakama za Makadhi zilikuwa khasa za Pwani, katika ukanda wa maili 10 uliokuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar. Waislamu walioifuata reli mpaka Nakuru, iliyofika huko mwaka 1900, waliiacha nyuma mahakama ya dini yao. Basi inafaa tumjue Kadhi mmoja ambaye kiti chake hakikutufikia, lakini elimu yake ilitufikia.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui amezaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliotawala mji ule mpaka mwaka 1837. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, naye alikufa mwaka 1894, mtoto hajapata hata kujua kusoma. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Kisha akenda Zanzibar, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wakati ule ndio waliokuwa taa za elimu katika nchi zetu. Tena akawa msomaji wa jarida la Al-Manar lililotolewa Misri na Sheikh Rashid Rida, akaona kuwa udhaifu wa Waislamu haukutokana na dini yao, bali umetokana na kuiacha elimu ya dini na ya dunia pamoja.

Hakutosheka kuyajua hayo peke yake. Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo alikemea israfu za harusi na matanga, mambo yaliyozuliwa katika dini, na uigaji wa Wazungu usiochagua jema na baya. Akahimiza watoto wasomeshwe, wa kike na wa kiume. Wako waliochukia, kwani hakuwabembeleza wakubwa wala wadogo.

Mwaka huo huo wa 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hapa pana jambo la kufikiriwa. Kiti kile kilikuwa chini ya serikali ya Kiingereza, nayo ndiyo iliyoweka mpaka wa hukumu zake: ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana na hayo. Je, mtu aliyewaonya wenziwe wasipotee katika njia za watawala, afaa kukaa kitini pao? Angekikataa, haki za wajane na mayatima zingebaki zikingoja mtu mwingine, naye huenda asiwe na elimu wala ushupavu wake. Alikikubali, wala hakuiweka kalamu chini. Gazeti halikudumu, lakini mwaka 1944 makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Akawaandikia watoto vitabu vya dini kwa Kiswahili chepesi, akaandika kwa Kiarabu tarikhi ya Mazrui, na akaanza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Mauti yakamfika mwaka 1947 kabla hajaikamilisha, naye ana umri wa miaka 56.

Kwa nini Kadhi ashughulike na vitabu vya watoto? Kwa sababu hukumu inaweza kumpa mjane fungu lake siku moja, lakini mjane asiyejua kuwa ana fungu hafiki mahakamani abadan. Hii ndiyo maana ya kazi yake yote.

Matunda yake yalionekana baadaye. Mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kassim Mazrui akawa Kadhi Mkuu mwaka 1963. Akafuatiwa mwaka 1968 na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwanafunzi wake mwingine, ambaye tafsiri yake kamili ya Qur'ani ilitoka mwaka 1969. Na katika mapatano ya Oktoba 1963, ukanda wa Pwani ulipounganishwa na Kenya, iliahidiwa kuwa mahakama za Kadhi zitabaki. Mwaka 1967 Bunge likatunga Sheria ya Mahakama za Kadhi, zikaenea nje ya Pwani, Bonde la Ufa likiwamo.

Basi watunga sheria wametupa mlango, na Katiba ya mwaka 2010 imeuthibitisha. Lakini Katiba hiyo inataka wenye shauri wote wawe Waislamu na wakubali wenyewe kuhukumiwa na Kadhi. Na mtu atakubalije asilolijua? Ndugu anayegawa shamba la marehemu huko Njoro na kumnyima dada yake hahitaji kuivunja mahakama; ujinga wa dada yake unamtosha.

Kwa hiyo tusome, na tuwasomeshe wake zetu na binti zetu mafungu yao. Hiyo ndiyo heshima anayostahiki marehemu huyu. Mwenyezi Mungu amrehemu na atunufaishe kwa elimu yake. Amin.