Bibi Joy Adamson na Simba Elsa

Leo namtaja marehemu Bibi Joy Adamson, aliyezaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, dola ya Austria ya zamani, akaja kuifanya Kenya kuwa kwao.

Februari 1956 mumewe George, bwana nyama wa mikoa ya kaskazini, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kumbe ana watoto watatu majabalini. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, akabaki na Bibi Joy.

Wengi wangeridhika kumfuga. Yeye aliona ya kuwa simba asiyejua kuwinda ni mfungwa, hata asipotiwa mnyororo. Wakamjaribu Mara, akaugua, wakamhamishia Meru. Huko wakimwacha peke yake siku kadhaa, wakirudi wamkute na njaa wamlishe, kisha wamwache tena, hata akajua kuua mwenyewe. Desemba 1959 alizaa watoto watatu kwa dume la mwituni.

Lakini Januari 1961 Elsa alikufa kwa maradhi ya kupe. Wanawe, sasa yatima, wakaivamia mifugo ya wenyeji, ikabidi wakamatwe na kupelekwa Serengeti. Hapo ndipo nionapo funzo: amleaye mnyama wa mwitu na amfundishe kuwinda, tena amfundishe kumkimbia binadamu.

Bibi Joy aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980, alikokuwa akimlea chui Penny arudi mwituni. Kwanza walisingiziwa simba. Kumbe muuaji ni binadamu.