Romain-Desfossés, muzungu aliyekataa kufundisha rangi

Leo mtoto akisema anataka kusoma mambo ya rangi mpaka chuo kikuu, wazazi wanauliza: atakula nini? Zamani, mu muji huu huu wa Lubumbashi, ulizo lilikuwa lingine: rangi inafundishwa, ao mtu anazaliwa nayo?

Pierre Romain-Desfossés alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1887, akatumika kwanza kama ofisa wa jeshi la bahari. Kisha Vita ya Pili ya dunia akabaki Kongo, na mwaka wa 1946 akafungua atelie hapa Elisabethville, ndilo jina la muji wakati ule. Watu wakaiita Hangar.

Pale hakukuwa vitabu juu ya kuchanganya rangi, na kunakili picha za Ulaya kulikatazwa. Kila mutu aangalie samaki, ndege, miti, halafu atafute njia yake. Bela, aliyekuwa mtumishi wa nyumba yake, akaacha burashi, akapaka rangi kwa vidole. Mwenze Kibwanga akajaza picha na mistari midogo inayofuatana, ungesema mkeka. Pilipili Mulongoy naye akatia alama ndogo ndogo nyuma ya samaki wake, mpaka maji yenyewe yanaonekana kutembea.

Na hapa kuna jambo la kushangaza. Rangi mbili zikikaa karibu kwa alama ndogo, jicho ndilo linazichanganya. Mchoraji Seurat aliitafuta njia hiyo kule Paris miaka ya 1880, akisaidiwa na maandishi ya Chevreul, mtaalamu wa kemia aliyesimamia kazi ya rangi katika kiwanda cha Gobelins. Pilipili hakupewa kitabu cha namna hiyo.

Ilikuwa heshima ao kufungiwa mlango? Vyote viwili, kusema kweli. Yule muzungu aliamini Mwafrika ana jicho lake, na shule ya Ulaya ingeliharibu. Lakini ni yeye aliyeamua nini wanafunzi wake wasijue. Ata migodi ya Union Minière, iliyokuwa karibu kabisa, ni shida kuiona katika picha zao.

Alikufa mwaka wa 1954. Hangar ikaingizwa ndani ya Akademi ya sanaa ambayo Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa ameifungua mwaka wa 1951. Pilipili na Mwenze wakaenda kufundisha huko. Picha zao na za Bela zilionyeshwa Paris mwaka wa 2015, katika maonyesho makubwa ya Fondation Cartier juu ya sanaa ya Kongo.