Harley Earl, mzee wa magari ya udongo

Wadau, nani hapa hajawahi kufinyanga gari la udongo? Mimi nilipokuwa mdogo pale Kasulu nilichapwa kwa ajili hiyo. Natumwa maji, narudi na gari, ndoo tupu.

Basi mcheki Harley Earl. Kazaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1893, baba yake fundi wa magari ya farasi. Stanford aliingia, hakumaliza. (Hapo nikampenda, mimi mwenyewe niliishia fomu foo.) Wengine walikuwa wanagonga bati na mbao, yeye anafinyanga kwanza bodi kwa udongo. Mwaka 1927 General Motors wakatoa LaSalle aliyoibuni, wakampa idara. Cadillac ya 1948 yenye mapezi yaliyoigwa kwenye ndege ya kivita, Corvette ya 1953, zote za idara yake. Ndizo hizo wenzetu wananunua vipande vya plastiki kwenye boksi, wanaunganisha kwa gundi, ndogo mara 25 kuliko gari lenyewe.

Kastaafu 1958, kafariki 1969.

Siku hizi niko Kibondo. Jana nimemprintia dogo wetu picha ya Cadillac. Kaanza na mapezi, matairi kakata kwenye ndala. Ndala za bi mkubwa, jamani.