Ruth First na Wachimba Dhahabu

Tarehe 17 Agosti 1982, katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mjini Maputo, mwanamke wa umri wa miaka 57 aliketi ofisini mwake na kuanza kufungua barua zake kama afanyavyo mtumishi yeyote. Ndani ya furushi mojawapo makaburu wa Afrika Kusini walikuwa wamekwisha ficha bomu. Ruth First alikufa palepale. Wenzake waliokuwamo chumbani walijeruhiwa, miongoni mwao Ndugu Aquino de Bragança, mkurugenzi wa Kituo cha Taaluma za Afrika ambacho Bibi First alikuwa akiongoza utafiti wake.

Safu hii yamkumbuka leo kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wengi hawamjui, ilhali damu yake ni sehemu ya gharama ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, ambao nchi yetu iliubeba mabegani kwa miaka mingi. Pili, kazi yake kubwa ya mwisho iliwahusu watu wanaofanana mno na hawa tunaowaona kila siku Mwakitolyo na katika machimbo yote ya Shinyanga na Geita, yaani mkulima anayeliacha jembe lake na kuteremka chini ya ardhi kutafuta dhahabu. Ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara na Kome, ambao wana wao huvuka ziwa kwenda machimboni, watayaelewa haya upesi kuliko wengine.

Ruth First alizaliwa Johannesburg tarehe 4 Mei 1925. Wazazi wake, Julius na Matilda, walikuwa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya ya Mashariki, na wote wawili walikuwa wakomunisti. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mahali ambapo Nelson Mandela naye alisomea sheria, na ambapo Eduardo Mondlane wa Msumbiji alisoma baadaye kabla ya kufukuzwa na makaburu. Alipohitimu alipata kazi katika idara ya ustawi wa jamii ya halmashauri ya jiji. Kwa binti wa Kizungu katika nchi ile, njia ya starehe ilikuwa imekwisha fagiliwa mbele yake.

Mwezi Agosti 1946 wachimba dhahabu Waafrika zaidi ya 60,000 waligoma. Madai yao yalikuwa ujira wa shilingi kumi kwa siku. Serikali iliwapelekea polisi, ambao waliwarudisha mashimoni kwa marungu na kwa risasi. Watu wasiopungua tisa waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Bibi First aliwasaidia wagomaji kuandaa na kugawa matangazo yao. Aliacha kazi ya halmashauri, akaingia katika gazeti la Guardian la Afrika Kusini, na tangu siku hiyo uandishi ukawa ndiyo kazi yake.

Mwaka uliofuata, 1947, alikwenda mashambani Bethal pamoja na Kasisi Michael Scott. Huko waliwakuta vibarua Waafrika wakilala wamefungiwa, wakivaa magunia ya viazi badala ya nguo, na wakichapwa viboko na wanyapara. Habari hiyo ilipochapishwa ilitikisa nchi nzima. Ikumbukwe kwamba hakuyaandika hayo kwa kusikia. Alikwenda, akatazama, akauliza majina, ujira na chakula, kisha ndipo alipoandika. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake mpaka mwisho.

Wapo watakaosema kuwa mwanamke huyu hakuwa mwandishi wa vita, kwa vile hakuvaa kofia ya chuma wala hakufuatana na majeshi. Neno hilo linahitaji kupimwa. Utawala wa kikaburu ulikuwa umetangaza vita juu ya watu wasio na silaha, na uwanja wake ulikuwa shamba la viazi, kituo cha polisi, ofisi ya vitambulisho na shimo la dhahabu. Aliyetaka kuleta habari za vita hivyo alipaswa kwenda huko, na adui alimtambua kuwa ni askari wa upande wa pili.

Adui huyo hakuchelewa. Guardian lilipigwa marufuku mwaka 1952. Lilirudi kwa jina jingine, na kila jina lilipozimwa likazuka jipya, likiwamo New Age, hadi la mwisho, Spark, lilipokoma mwaka 1963. Bibi First na mumewe, Joe Slovo, waliyekuwa wameoana mwaka 1949, walikuwa miongoni mwa watu 156 walioshitakiwa kwa uhaini mwaka 1956. Kesi hiyo ilikwisha mwaka 1961 bila ya mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Baada ya mauaji ya Sharpeville ya tarehe 21 Machi 1960, ambapo watu 69 waliuawa kwa risasi, alikimbilia Swaziland na binti zake watatu, kisha akarudi kazini. Aliandika kitabu juu ya nchi ambayo leo ni Namibia, nacho kikatoka mwaka 1963. Hatimaye serikali ilimkataza kabisa kuandika magazetini.

Mwezi Agosti mwaka huo wa 1963 alikamatwa kwa sheria iliyowaruhusu polisi kumfungia mtu siku tisini bila ya mashitaka. Siku hizo zilipotimia alifunguliwa, na kabla hajafika nyumbani akakamatwa tena. Jumla alikaa siku 117 peke yake, bila kalamu wala karatasi. Machi 1964 alikwenda uhamishoni Uingereza, na mwaka 1965 akatoa kitabu juu ya siku hizo, ambamo hakuuficha udhaifu wake mwenyewe wala saa alizokata tamaa.

Huko uhamishoni kalamu yake iliwatumikia wengine. Alizihariri hotuba na maandishi ya Mandela yakawa kitabu mwaka 1965, wakati Mandela akiwa kifungoni Robben Island. Alimsaidia Oginga Odinga wa Kenya kutayarisha kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1967. Mwaka 1970 alichapisha uchunguzi juu ya mapinduzi ya kijeshi katika Afrika, hasa Nigeria, Ghana na Sudan, na humo aliwakosoa viongozi wa nchi zilizokwisha jitawala kwa ukali uleule aliowakosoa nao wakoloni. Hata ndani ya chama chake mwenyewe hakukubali kila kilichotoka Moscow. Sisi makada yatupasa kulitafakari jambo hilo. Mtu aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya harakati hakuona kuwa uaminifu ni kunyamazia kasoro za harakati hizo.

Katikati ya miaka ya 1970 alifundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwaka 1977 alikwenda Maputo. Msumbiji ilikuwa ndiyo kwanza imejitawala, na swali lililoikabili lilikuwa zito. Kwa miongo mingi maelfu ya wanaume wa kusini mwa nchi hiyo walikuwa wakiajiriwa na Wenela na kupelekwa kwenye machimbo ya Afrika Kusini. Mwaka 1975 walizidi 100,000. Kwa mapatano na Wareno, sehemu ya ujira wa mchimbaji ilizuiliwa na kulipwa kwa serikali ya kikoloni kwa dhahabu, kwa bei rasmi iliyokuwa chini ya bei ya soko. Mchimbaji aliporudi kwao alilipwa kwa fedha ya Kireno, na faida ya dhahabu ikabaki Lisbon. Sisi pia tuliijua Wenela, kwani ilichukua vijana wetu wa nyanda za juu za kusini, mpaka Tanganyika huru ilipoufunga mlango huo.

Bibi First na wenzake hawakukaa ofisini kulijibu swali hilo. Waliwahoji wachimbaji wenyewe, na wakaenda vijijini Inhambane kuuliza fedha ya machimbo ilifanya nini ilipofika nyumbani. Walichokiona hakikuwafurahisha watu wote. Mchimbaji alikuwa bado ni mkulima. Ujira wake ndio ulionunua plau, ng'ombe na bati la nyumba, na palipopunguzwa ajira za machimboni shamba lake nalo likadhoofika. Kumkomboa mtu huyo kulihitaji kupanga kilimo na kazi nyingine kwanza, kwani hotuba peke yake haimlishi. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1983, mwandishi wake akiwa kaburini Maputo.

Aliyetuma bomu alijulikana baadaye. Craig Williamson, jasusi wa polisi ya makaburu, alikiri mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, na mwaka 2000 akapewa msamaha wa kisheria. Na wasomaji wetu watakumbuka kuwa Eduardo Mondlane mwenyewe aliuawa kwetu, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Wote wawili waliuawa kwa kitu ambacho mtu msomi hukifungua bila hofu.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kwenda shule ya serikali tulifunzwa kuiheshimu kalamu kwa sababu mwenye kuishika ataulizwa aliyoyaandika. Fundisho hilo linawahusu maofisa wetu pia. Taarifa nyingi juu ya machimbo zahesabu gramu za dhahabu na mrabaha uliolipwa, na hayo ni ya lazima. Lakini ni nani aendaye Mwakitolyo kumuuliza kijana aliye duarani ametoka kijiji gani, analipwa viroba vingapi vya mawe katika mgao, nani alizikagua nguzo za duara lake, na kiasi gani cha jasho lake humfikia mama yake huko kisiwani? Je, kila mwenye duara ana daftari la majina ya walioteremka asubuhi, ili udongo ukiporomoka tujue tunamtafuta nani?

Ruth First angeanza na daftari hilo. Twawaomba wahusika nao waanze hapo, wala wasingoje duara liporomoke.