Johann Ludwig Krapf: Mtu wa Maombi Wakati wa Taabu

Fungu la kusoma: Zaburi 50:15, 1 Wafalme 17:1–6, 2 Wakorintho 12:7–10

Waadventista wanaukumbuka mwaka 1844 kwa ajili ya Oktoba 22 na uchungu wa wale waliomngoja Bwana. Miezi mitatu kabla ya siku ile, katika nyumba moja mjini Mombasa, mtu mwingine alikuwa akinywea kikombe chake. Johann Ludwig Krapf alilala kitandani akiwa hoi kwa homa. Mke wake Rosine naye alikuwa na homa, na kando yake alikuwapo mtoto wa kike aliyezaliwa siku chache tu zilizopita. Walikuwa wamehamia Mombasa mwezi Mei.

Huo haukuwa msiba wao wa kwanza. Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani, akatumwa Ethiopia na CMS, chama cha misheni cha Waanglikana. Kule mlango ulifungwa mara baada ya mara. Mwaka 1843, walipokuwa wakijaribu tena kuingia Ethiopia, Rosine alijifungua njiani, jangwani, kabla ya wakati. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Ethiopia ilipokataa kabisa, Krapf aligeukia pwani yetu. Mapema mwaka 1844 Sultani Sayyid Said wa Unguja akampa barua ya ruhusa.

Rosine alipotambua kwamba hatapona, aliwaombea ndugu zake, akaiombea kazi ya Mungu katika Afrika Mashariki, akamwombea na Sultani, ili moyo wake uelekezwe kuwatakia watu wake mema ya milele. Mwanamke anayekufa ugenini anamwombea mtawala wa nchi! Alifariki Julai 13. Krapf alijikokota kutoka kitandani ili ahakikishe kwamba kweli amekata roho. Mtoto alimfuata mama yake baada ya muda mfupi. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kwa kuwa Rosine alitaka kaburi lake lionwe na wapita njia, liwakumbushe sababu iliyomleta. Krapf, ambaye homa ilikuwa haijamwacha, aliwaandikia wakuu wake London kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika, na kwamba hiyo ni dalili kuwa vita vimeanza, wasirudi nyuma.

Ni rahisi kusema kwamba mtu mwenye imani hulipokea jambo kama hilo bila maumivu. Si kweli. Krapf alikuwa mjane wa miaka 34, peke yake, na kati ya wote aliowahubiria hakuna aliyekuwa ameamini. Alichofanya ni kuendelea na kazi aliyoianza mwezi Juni, kabla ya msiba: kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Miaka miwili baadaye alikuja mwenzake, Johannes Rebmann. Agosti 1846 wakahamia Rabai wote wawili wakiwa wagonjwa, Krapf akipanda punda kwa kuwa hakuweza kupanda kilima kwa miguu. Mtu wa kwanza kuamini alikuwa Mringe, kiwete maskini. Wenye kuhesabu matunda wangeona hasara tupu.

Jaribu lingine lilikuja mwaka 1851. Krapf alikuwa safarini Ukambani pamoja na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, ambaye miaka miwili kabla alikuwa mwenyeji wake alipouona Mlima Kenya. Karibu na Mto Tana wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, wenzake wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Alifika mtoni akanywa. Hakuwa na chombo, basi akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na mfuko wa ngozi wa darubini, akaziba mitutu kwa nyasi. Alitembea usiku na kujificha mchana. Vichaka vikazing'oa zile nyasi na maji yakamwagika. Kwa njaa alitafuna majani na mizizi, hata baruti.

Kiu ilipomzidi alimlilia Mungu. Kisha akasikia kelele za nyani. Akajua kwamba penye nyani hapakosi maji, akazifuata sauti zile mpaka kwenye kijito kikavu, akakuta shimo ambalo wanyama hao walikuwa wamelichimba mchangani, lina maji. Msomaji wa 1 Wafalme 17 hatashangaa. Eliya alilishwa na kunguru.

Taabu haikuishia hapo. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, baadhi yao walisema anastahili kufa kwa kuwa hakufa pamoja na mkubwa wao. Alitoroka usiku, njaa ikamrudisha mikononi mwa watu, na mwishowe akafika Rabai, ambako habari za kifo chake zilikuwa zimetangulia.

Hapa kikundi kinaweza kutua na kutafakari: Rosine hakupona, Krapf aliokolewa, na aliyeombwa ni Mungu yuleyule. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na haukuondolewa.

Mwaka 1853 ugonjwa ulimlazimu Krapf arudi Ulaya. Aliishi Korntal, Ujerumani, akiendelea na kazi ya lugha za Afrika. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Neno ambalo msomaji wa Ngara au Biharamulo analifungua leo kwa Kiswahili, yeye ambaye nyumbani anasema Kihangaza au Kishubi, lilianza kuandikwa katika nyumba ile ya msiba Mombasa.

Jioni moja ya Novemba 1881 Krapf alizungumza na rafiki yake juu ya kuja kwa Bwana, akisema jinsi alivyohisi kwamba siku hiyo i karibu. Usiku huo akaenda kulala. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Alikuwa na miaka 71. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka uliofuata.