Aldo Castellani, daktari aliyekiona chanzo cha malale kwenye maji ya uti wa mgongo

KALEMIE. Kwa miaka mingi, mtu aliyeshukiwa kuwa na malale nchini Kongo alijua kinachomsubiri. Angekunja mgongo kama upinde, angetakiwa atulie, kisha sindano ndefu ingeingizwa kati ya mifupa ya kiuno. Wengi waliiogopa, na wapo walioikimbia. Kazi ya sindano hiyo ilikuwa moja: kujua kama ugonjwa umekwisha kufika kwenye ubongo.

Historia ya kipimo hicho katika malale inaanzia Entebbe, Uganda, mwaka 1902, na inamhusu kijana wa Kiitalia aliyekuwa na miaka 28. Jina lake ni Aldo Castellani. Aliishi hadi miaka 97, akatibu wafalme na madikteta, lakini kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya katika miezi michache kando ya Ziwa Victoria.

Kijana wa Florence

Castellani alizaliwa Florence, Italia, tarehe 8 Septemba 1874. Alihitimu udaktari mjini humo mwaka 1899, akaenda Bonn, Ujerumani, kujifunza elimu ya vijidudu, kisha London, kwenye shule mpya ya magonjwa ya nchi za joto.

Wakati huo habari mbaya zilikuwa zinatoka Uganda. Mwaka 1901, madaktari wawili ndugu wa hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, walitambua wagonjwa wa kwanza wa malale huko. Busoga na visiwa vya ziwa vilianza kubaki mahame. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache iliyofuata.

Mwaka 1902 jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, Royal Society, ilituma watu watatu: George Carmichael Low, Cuthbert Christy na Castellani. Patrick Manson, mkuu wa elimu hiyo London, alishuku mnyoo mdogo wa damu uitwao filaria. Ilibidi dhana hiyo ipimwe kwanza, na haikusimama, kwa kuwa mnyoo na malale havikupatikana sehemu zilezile.

Maji yanayouzunguka ubongo

Ili kuelewa alichokiona Castellani, ni lazima kujua kidogo namna mwili ulivyopangwa.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4. Sehemu yake kubwa ya juu ndiyo ya fikra, kumbukumbu, lugha na kuamuru viungo. Ubongo mdogo, ulio nyuma chini, husawazisha mwendo. Shina la ubongo husimamia pumzi na mapigo ya moyo. Katikati, chini kabisa, ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, inayoongoza njaa, joto la mwili na saa za kulala na kuamka.

Kutoka kwenye shina hilo hushuka ugwe laini wa neva, unene wake kama kidole kidogo na urefu wake takriban sentimita 45, ndani ya mifupa ya mgongo. Jozi 31 za neva hutoka humo kwenda mwilini. Ndiyo njia ya amri za kwenda na habari za kurudi.

Ubongo na ugwe huo vimefunikwa na utando wa tabaka tatu, na kati ya tabaka hizo yamo maji safi, kama mililita 150. Maji hayo huzuia mishtuko na hubadilishwa kila siku. Ugwe huishia juu kidogo ya kiuno, ndiyo maana sindano ikiingia chini yake huchota maji bila kuugusa. Daktari Mjerumani, Heinrich Quincke, alikuwa ameonyesha namna ya kufanya hivyo mwaka 1891.

Alichotafuta na alichokuta

Castellani hakuwa akitafuta alichokipata. Yeye aliamini malale yanaletwa na bakteria wa aina ya streptokoka, na alichota maji ya wagonjwa ili awapate. Novemba 1902, akiwa amezungusha maji hayo kwa mashine ili vilivyomo vitulie chini, aliona kitu kingine chini ya darubini: kijidudu chembamba kinachojinyonganyonga kama samaki aliyetolewa majini. Kilikuwa tripanosoma.

Kijidudu cha jamaa hiyo kilikuwa kimekwisha kuonekana Gambia, kwenye damu ya mtu mwenye homa. Joseph Everett Dutton ndiye aliyekipa jina mwaka 1902. Dutton naye alikuja kufanya utafiti Kongo na akafia Kasongo, Maniema, Februari 1905. Lakini hakuna aliyekuwa amekihusisha na malale.

Hata Castellani hakukihusisha mara moja. Alisita, akaendelea kuwaza bakteria wake. Machi 1903 David Bruce alifika Entebbe akiwa na uzoefu wa ugonjwa wa nagana wa ng'ombe, unaoletwa na mbung'o. Castellani alimweleza alichokiona, na Bruce akasisitiza watafutwe wagonjwa zaidi. Kijidudu kikaonekana kwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka huohuo Bruce na wenzake walionyesha kuwa mbung'o wa kandokando ya maji ndiye anayekisambaza.

Hapo ndipo fumbo likafumbuka. Mwanzoni kijidudu hukaa kwenye damu na matezi, na mtu huona homa tu. Baadaye huvuka na kuingia kwenye ubongo. Saa ya mwili huvurugika: mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, tabia hubadilika, mwisho huzimia na kufa.

Nani alikuwa wa kwanza? Wafuasi wa Bruce na wa Castellani walibishana kwa miaka. Wagonjwa wa Entebbe waliotolewa maji hayo hawakuwamo katika ubishi huo, na wengi wao walikufa bila dawa.

Colombo, Kismayu, Lisbon

Castellani aliondoka Uganda mwaka 1903 kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo. Huko, mwaka 1905, alitambua kijidudu cha buba. Dawa yake nyekundu ya kupaka kwa fangasi za ngozi inajulikana kwa jina lake mpaka leo. Baadaye alifundisha London na Marekani, na Uingereza ikamtunuku cheo cha heshima.

Kisha akajiunga na upande wa Mussolini. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, yeye ndiye aliyesimamia afya ya jeshi lililovamia, jeshi ambalo liliwamwagia Waethiopia gesi ya sumu. Mfalme wa Italia alimzawadia cheo cha ukabaila kwa jina la mji wa Kismayu, Somalia. Vita Kuu ya Pili vilimpotezea heshima yake Uingereza.

Ufalme wa Italia ulipoondolewa mwaka 1946, aliifuata familia ya kifalme uhamishoni Ureno. Malkia wa mwisho wa Italia, Marie José, alikuwa binti wa Albert wa Kwanza wa Ubelgiji, yuleyule ambaye Kalemie iliitwa Albertville kwa ajili yake. Castellani alifundisha Lisbon na kufariki huko Oktoba 1971.

Sindano inapungua

Mwaka 1998 duniani waliripotiwa karibu wagonjwa 40,000 wa malale. Tangu 2018 idadi imekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka, na wengi wao ni wa Kongo. Mwaka huohuo vidonge vya feksinidazole viliidhinishwa. Kwa wagonjwa wengi, vidonge hivyo vimeondoa ulazima wa sindano ya mgongo. Bado inahitajika kwa wale wanaoonekana wamezidiwa.

Mwenye homa zisizokwisha, matezi yaliyovimba nyuma ya shingo au usingizi wa mchana usio wa kawaida anapaswa kupimwa mapema, kabla kijidudu hakijavuka kwenda kwenye ubongo.